Siku Mashine Ilipokosa Mahindi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mashine, ingawa hakuwahi kuzaa, na mashine yenyewe hakuinunua yeye. Ilinunuliwa na mama yake mzazi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma, aliyeifunga kwa nati kwenye sakafu ya saruji na kusema kwamba hapo ndipo riziki yao ilipopigwa msumari. Binti alikulia ndani ya mlio wake. Alipokuwa mchanga alilazwa kwenye kona juu ya magunia matupu, na wateja walistaajabu kuona mtoto akilala fofofo mashine inaponguruma, kisha ikizimwa tu, anaamka na kuangua kilio.

Ukubwani hali haikubadilika sana. Nyumbani kwake alilala redio ikiwa inakoroma, kwa sababu kimya kilimkosesha raha kama chawa kwenye kola. Sauti yake nayo ilizoea kushindana na chuma. Alipokusalimia kwa upole, mtu wa nyumba ya tatu aliitikia.

Chumba cha kusagia kilikuwa kidogo, chenye mlango mmoja uliotazama barabara. Kuta, dari, hata utando wa buibui, vyote vilikuwa vyeupe kwa vumbi la unga. Mashine ilisimama katikati na mota yake na mkanda wake, mdomo wa bati ukiwa juu, mahali pa kumiminia mahindi, na mfuko mrefu wa kitambaa ukining'inia upande wa pili, mahali unga ulipotokea. Mama Mashine aliiendesha kwa masikio. Mlio ukiwa mzito, alijua mahindi hayajakauka. Ukiwa mwepesi, alijua wavu umechakaa. Mteja angeweza kusimama pale akisimulia habari za mazishi na za harusi kwa pamoja, naye angeitikia vizuri kabisa huku sikio moja likiwa ndani ya chuma.

Aliishika kwa ukali kanuni moja ya mama yake: mahindi ya mtu hayalali kwenye mashine. Mashine nyingi zaidi zimekufa kwa maneno kuliko kwa kutu, mama yake alikuwa akisema. Debe likilala, asubuhi mwenyewe ataliona limepungua, hata kama halikupungua. Kwa hiyo kila jioni Mama Mashine alifagia, akakung'uta magunia, akahakikisha hakuna punje iliyobaki. Hata mahindi yake mwenyewe aliyasaga siku hiyohiyo alipoyanunua, akaweka unga kwenye pipa nyumbani, ili asionekane na punje mkononi.

Nyuma ya ukuta wa chumba kile kulikuwa na nyumba ya kupanga, na chumba kilichogusana na mashine kilikaa wazi muda mrefu. Hatimaye akahamia Nesi, msichana mwembamba wa hospitali, aliyefanya zamu za usiku. Wakati watu wanafungua maduka, yeye ndiyo kwanza anarudi, viatu mkononi, akitafuta mto.

Mara ya kwanza alikuja kwa heshima. Alisimama mlangoni, nyuma ya foleni ya ndoo, akasubiri mashine ipungue.

"Mama, samahani," alisema. "Natoka zamu asubuhi. Naomba tu, kama inawezekana, asubuhi tuangalie namna."

Foleni yote iligeuka kumtazama. Mama Mashine alikuwa na hadhira, na mwenye hadhira hushindwa kuzuia ulimi.

"Mwanangu," alijibu kwa sauti yake ileile ya kuvuka barabara, "hapa tunasaga mahindi, hatubembelezi watoto. Ukitaka kuimbiwa, rudi kwa mama yako."

Watu walicheka. Nesi aligeuza kisogo. Aliondoka, na tangu siku ile hawakusalimiana tena. Mwezi haukuisha, barua ya manispaa ikafika. Kulikuwa na malalamiko ya kelele. Afisa wa mazingira angekuja Jumatano asubuhi kupima sauti kwa kifaa, na ikizidi kiwango cha eneo la makazi, mashine ingefungwa kwa waya na lakiri ya manispaa mpaka ihamishiwe eneo la viwanda. Eneo la viwanda lilikuwa ng'ambo ya mji, na huko kulikuwa na vinu vikubwa vya kusagia mahindi ya malori mazima. Nani angepanda gari na debe moja kichwani kumfuata huko? Mama Mashine aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi. Mashine ikifungwa, hakuwa na kazi nyingine mikononi wala kichwani.

Jumatano alifika mapema. Alikaza nati zote, akapaka grisi kwenye beringi, akachomeka vipande vya tairi chini ya miguu ya mashine. Ukuta wa nyuma aliutundikia magunia mazito, moja juu ya jingine. Kisha akafungua mlango, akasubiri wateja.

Jua lilifika kizingitini, na hapakuwa na ndoo hata moja.

Alitoka nje, akatazama juu na chini ya barabara. Mwanamke mmoja, mteja wake wa miaka, alipita upande wa pili akiwa na kikapu cha nyanya. Alimkonyeza kama mtu anayeshiriki siri, akaendelea na safari.

Ndipo Wifi alipofika. Huyu alikuwa mke wa kaka yake, mshonaji nguo wa kibanda cha pili kutoka pale, mwanamke asiyejua kufanya jambo nusunusu. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni na pini zilikuwa kifuani, na uso wake uling'aa kwa furaha.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona nini? Mbona leo hakuna mtu?"

"Si ndiyo kazi yangu hiyo." Wifi aliketi juu ya gunia tupu kama malkia. "Tangu jana napita nyumba kwa nyumba, miguu imevimba. Nimewaambia wote: kesho asionekane mtu na debe. Mashine ikikosa kazi itapiga kelele ya nini? Huyo Bwana Kipimo ataikuta imetulia kama kuku anayeatamia. Watu wanakupenda, wifi. Hakuna hata mmoja aliyekataa."

Mama Mashine aliegemea ukuta, bega likatoka jeupe.

"Wifi, umeniua."

"Nimekuua kwa wema?"

"Mashine tupu ndiyo inayolia. Mahindi ndiyo yanayoiziba mdomo. Mle ndani mna vinyundo. Vikikutana na punje vinapungua kasi, mlio unakuwa mzito. Vikikosa punje vinazunguka kama vichaa, upepo unapita kwenye wavu unapiga yowe. Hujawahi kuisikia kwa sababu siku zote kuna foleni."

Wifi aliitazama swichi. "Basi usiiwashe."

"Nikikataa kuiwasha, ataandika nimekataa kupimwa. Mwisho wake ni lakiri ileile."

"Mahindi yako je?"

"Mimi nina unga, wifi. Miaka yote nina unga tu."

Wifi alikuwa ameshanyanyuka. Aliteremka barabara mbio, futi ikipepea nyuma yake, akigonga mlango huu na ule. Mama Mashine alimtazama akipungua ukubwa. Alijua watu wa mtaa ule: jambo la kumsaidia jirani walilifanya kwa moyo wote. Wangekuwa wamefunga milango na kwenda kazini, na mwenye shida ya unga angekuwa amepeleka debe lake mashine ya upande wa soko, ili tu asiharibu mpango.

Afisa alifika kabla Wifi hajarudi. Alikuwa kijana nadhifu mwenye mkoba wa bega. Kifaa chake kilikuwa kidogo, kichwani kikiwa na mpira mweusi wa sponji. Aliamkia vizuri, akaomba mashine iwashwe kidogo aisikie.

Mama Mashine alibonyeza swichi. Mota ilianza kwa mguno wa kawaida, kisha ikapata kasi, na bila kitu cha kuishika, ikaendelea kupanda. Sauti ilipanda mpaka ikawa kama mtu anayekwaruza bati kwa msumari bila kuvuta pumzi. Mbwa aliyelala chini ya gari upande wa pili aliinuka na kuhama. Afisa alitazama kifaa chake. Hakukunja uso, na hilo ndilo lililomtia Mama Mashine hofu zaidi. Alizima.

"Hivi sivyo inavyosaga," alisema. "Haina mahindi. Ikiwa na mahindi hailii hivi."

"Mama, kila ninayempima ana sababu siku hiyo," alijibu Afisa, bila dharau. "Mwenye baa huniambia spika ni mbovu. Mwenye karakana huniambia msumeno ni wa kuazima. Lakini neno lako silikatai. Kanuni inataka nipime mashine ikifanya kazi yake ya kawaida. Kama kazi yake ni kusaga, nionyeshe inasaga."

"Nipe muda nitafute mahindi."

"Kuna karakana inayonisubiri kabla ya adhuhuri. Sasa nitapima barabara peke yake, mashine ikiwa imezimwa, nijue mtaa wenyewe una kelele kiasi gani. Kisha nitakwenda kwa mlalamikaji, maana kipimo cha chumbani kwake ndicho kinachohesabika. Nikifika pale uwe na mahindi. Usipokuwa nayo, nitapima nitakachokisikia."

Akatoka, akasimama ukingoni mwa barabara akiinua kifaa chake mbele ya kifua kama mtu anayebeba yai.

Wifi alirudi akihema, mikono mitupu.

"Wameondoka wote," alisema. "Fundi viatu anayo, lakini ufunguo kaondoka nao mkewe. Yule mama wa nyanya kapeleka yake sokoni tangu alfajiri. Wifi, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Kuna mtu mmoja yuko ndani," alisema Mama Mashine.

Wote wawili walitazama ukuta wa nyuma.

Kwamba Nesi ana mahindi, ilijulikana na kila mtu. Alipelekewa gunia na wazazi wake, na kila alipohitaji unga alipita mbele ya mlango wa Mama Mashine akiwa na ndoo begani, shingo imenyooka, akienda kusaga mashine ya upande wa soko. Ilikuwa safari ndefu kwa mtu mwembamba, naye aliifanya kila mara bila kugeuza kichwa.

"Yule?" Wifi alinong'ona. "Yule atakupa mahindi? Si bora uombe maji kwa moto?"

Mama Mashine alikuwa ameshafika kwenye pembe ya nyumba.

Dirisha la Nesi lilifunikwa kwa blanketi nene kuzuia mwanga. Mama Mashine alipiga hodi mara moja, akasikiliza, akapiga tena. Mlango ulifunguka kidogo. Nesi alikuwa na shuka mabegani, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu.

"Afisa yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja. Mimi nimemtangulia." Mama Mashine alikung'uta unga mikononi. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekimbia. "Mwanangu, naomba mahindi. Ndoo moja."

Nesi aliegemea mwimo wa mlango.

"Unaniomba mahindi," alisema, "ya kunikoseshea usingizi."

"Nikipimwa bila mahindi watanifungia. Inalia vibaya. Umeisikia hivi punde."

"Nimeisikia. Nilidhani umefanya makusudi, kuniaga."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Uliweza kuniambia nirudi kwa mama yangu niimbiwe."

Mama Mashine aliinamisha kichwa. Alizoea kugombana na watu wenye sauti. Huyu alisema taratibu, kila neno likitua mahali pake, na hapakuwa na pa kumkatiza.

"Unajua nilichoandika manispaa?" Nesi aliendelea. "Niliomba asubuhi tu. Sikuomba wakufungie. Wao ndio wana kanuni zao, ukishalalamika jambo haliko mikononi mwako tena. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Juzi nilimshika mgonjwa mkono kumchoma sindano. Mwenzangu akanishika mimi mkono. Dawa ilikuwa ya kitanda cha jirani." Nesi alisogeza shuka shingoni. "Nilikuwa nimesimama, mama, macho wazi, na nilikuwa nimelala. Mgonjwa mwenyewe hakujua. Alinishukuru."

Barabarani, nyayo za Afisa zilianza kusogea juu ya changarawe. Mama Mashine alizisikia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuzifikiria. Alikuwa akifikiria mkono ule, na sindano, na ndoo zote alizosaga juzi huku akitaniana na wateja.

"Asubuhi sitawasha," alisema. "Siku unazotoka zamu, sitawasha mpaka uamke. Nipe mahindi, usinipe, sitawasha."

"Wateja wako watakubali?"

"Wateja wangu ni shauri langu."

Nesi aliuachia mlango wazi. Alirudi ndani, akasikika akiburuta kitu sakafuni, kisha akatokea na ndoo iliyojaa nusu.

"Ndiyo yote niliyonayo. Gunia lingine bado halijafika," alisema. "Na simfanyii mtu yeyote hisani. Nataka apime kitu cha kweli, basi."

Nusu ndoo. Mama Mashine alirudi mbio nayo, akipishana na Afisa kwenye pembe. Alimwaga mahindi yote mdomoni mwa mashine huku kibati cha chini, kile kinachozuia punje zisishuke, kikiwa kimefungwa, akaweka mkono juu ya kibati na mwingine kwenye swichi. Wifi alisimama kwenye pembe ya nyumba, mahali alipoweza kuuona mlango wa Nesi na kumpa Mama Mashine ishara ya kuwasha na ya kuzima.

Futi ya Wifi ilipepea hewani. Mama Mashine alibonyeza swichi na papo hapo akafungua kibati.

Yowe lilianza kupanda, likakutana na punje, likashuka. Mlio ukawa ule wa miaka yote, mzito, wa kifuani, na mfuko wa kitambaa ukaanza kujaa. Hapo ndipo hesabu ngumu ilipoanza. Akifungua sana, mahindi yangekwisha kabla Afisa hajamaliza. Akifungua kidogo, vinyundo vingepata nafasi na yowe lingerudi. Alishikilia kibati kwa vidole viwili, akikisogeza kwa unene wa ukucha, sikio likiwa karibu na bati. Jasho lilimshuka likachora mistari kwenye unga wa usoni. Mahindi yalishuka mdomoni yakifanya shimo katikati, na shimo likapanuka, na bati la chini likaanza kuonekana likimetameta pembeni.

Alimtazama Wifi. Wifi alitikisa kichwa: bado.

Punje za mwisho zilianza kuruka kwenye bati kama mvua ya kwanza. Mlio ulianza kuwa mwembamba. Alitazama tena. Wifi alikuwa amenyoosha shingo, mkono bado uko juu. Mama Mashine alifagia kingo za mdomo kwa kiganja, akasukuma kila kilichobaki, akasikia mlio ukishika, ukiteleza, ukishika tena. Haukushika mara ya tatu. Alizima. Mkanda ulizunguka kwa uvivu, ukasimama, na chumba kikajaa kimya.

Hakujua kama Afisa alikuwa amemaliza au la.

Alikuja taratibu, akiandika huku akitembea. Alisimama mlangoni, akapuliza unga uliotua juu ya kifaa chake.

"Nimepata kipimo," alisema. "Ulizima wakati nashusha mkono. Uko chini ya kiwango cha mchana, mama. Chini kidogo sana, usishangilie. Hayo magunia ya ukutani usiyatoe."

"Na malalamiko?"

"Yanafungwa. Kisheria huna kosa. Unaweza kusaga tangu saa ya kufungua maduka mpaka jioni, na hakuna wa kukuzuia."

"Asubuhi sitasaga," alisema Mama Mashine. "Siku anazotoka zamu. Liandike hilo."

Afisa alimtazama kwa mshangao kidogo. "Hilo haliko kwenye kipimo. Siwezi kuliandika kama amri. Ni baina yenu."

Alimpa nakala, akaaga, akaenda zake. Wifi alingoja mpaka mgongo wake ulipopotea, kisha akapasha habari kama anavyojua yeye. Habari ikawafikia hata waliokuwa sokoni na kazini, na ndoo zikaanza kuchomoza. Fundi viatu alimleta mkewe na ufunguo. Mama wa nyanya alikuja hata bila mahindi, kwa ajili ya furaha tu. Waliokuwa wameondoka kwa wema walirudi kwa kishindo, wakacheka, wakampa mkono, wakapanga foleni mpaka kibandani kwa Wifi.

Mama Mashine aliketi kizingitini, kufuli mkononi. Ndoo ya Nesi, yenye unga uliofunikwa kwa gazeti, aliiweka kando ya mguu wake.

"Washa basi, Mama Mashine," alisema fundi viatu. "Si tumeshinda?"

"Mchana."

"Mchana gani? Jua ndilo hili."

"Amelala."

Foleni ilianza kunung'unika kutoka nyuma. Wifi aliinama karibu naye.

"Wifi, una akili? Umeshinda, karatasi unayo, halafu unafunga? Watakwenda upande wa soko. Wakishazoea huko hawarudi."

"Najua."

"Basi?"

"Basi wanaotaka kwenda, waende."

Fundi viatu alitazama foleni, akamtazama yeye, akabeba debe lake. Mkewe alimfuata, na nyuma yao wengine wawili, mmoja akiwa yule aliyempa mkono kwa nguvu kuliko wote. Mama Mashine aliwasindikiza kwa macho mpaka kona. Hakuwaita. Moyo ulimuuma, wala hakujifanya hauumi.

Waliobaki walitua ndoo zao chini, wakazikalia.

"Sasa tukae mpaka saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Mpaka aamke," alisema Mama Mashine.